Taa za Land Rover 109 zinawaka kama kibatari? Pima nyaya kabla hujanunua balbu ya wati 100

#1 MkwecheWaKihesa

Wakuu heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika kwa wenye magari ya zamani, hasa Land Rover Series, ila mwenye Peugeot 504, Datsun au Beetle asipite kimya kimya, ugonjwa ni uleule.

Kila mara humu anatokea mtu: "Wakuu, taa za gari langu hafifu, niweke balbu gani?" Na majibu ni yaleyale: weka 100/90 (wati 100 za fulu, yaani mwanga wa mbali, na 90 za dimu, mwanga wa chini), weka LED, weka xenon. Simuoni anayeuliza volti ngapi zinafika kwenye balbu.

Yangu ni 109 Series III ya petroli, silinda 4, taa za mviringo za inchi 7. Naendesha Iringa–Morogoro, na anayeijua barabara ile hahitaji kuhadithiwa: Kitonga usiku nyuma ya semi, kisha Mikumi ambako tembo anasimama katikati ya lami na ngozi yake hairudishi mwanga hata kidogo. Dimu ilikuwa inanionyesha lami ya mbele ya bampa, basi.

Fanya hivi. Mita yako iweke DC, volti 20. Washa injini, pandisha mlio kidogo alteneta ichaji, washa dimu. Pima kwenye betri kwanza. Yangu ilisoma 13.9. Fungua skrubu za ringi ya taa, ivute taa mbele, na bila kuchomoa soketi penyeza ncha za mita kwa nyuma mpaka ziguse tamino (vichuma vya kuungia waya). Ilisoma 11.1. Maana yake volti 2.8 zimeliwa njiani.

Hapa msinielewe vibaya: soketi iwe imechomekwa na taa inawaka. Ukipima soketi tupu utaona 13 na ushee, utafurahi, utakwenda dukani kununua balbu. Mkondo usipopita hakuna kinacholiwa, kwa hiyo waya mbovu kuliko wote nao utakuonyesha namba nzuri.

Kuna atakayesema volti 2.8 ni kitu gani. Tatizo ni kwamba mwanga wa balbu ya uzi haushuki sawa na volti, unaporomoka. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua kama asilimia 30. Balbu yangu ilikuwa inapata asilimia 80 ya volti za betri, na hesabu hiyo inatoa mwanga usiofika nusu ya ule ambao ingetoa ikipata zote. Balbu yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Hatua ya pili ndiyo inayookoa pesa: ujue zimeliwa upande gani. Ncha moja ya mita weka kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye tamino ya dimu nyuma ya taa. Kwangu 1.9. Kisha ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye tamino ya ethi ya taa, yaani njia ya umeme kurudi betri. Kwangu 0.9. Jumla 2.8, hesabu imefunga. Hiyo 0.9 ya ethi ndiyo watu hawaigusi kabisa, nitarudi kwake.

Kwa nini upande wa chanya unakula 1.9? Fuata njia. Waya wa kahawia unatoka kwenye betri, unaingia kabini mpaka swichi ya taa. Unatoka waya wa bluu mtupu kwenda swichi ya dimu kwenye usukani. Pale unagawanyika: bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu. Halafu safari ya kurudi mbele, kupitia vile vikoneta vya kusukuma ndani ya vimpira vyeusi, ambavyo ukivichomoa leo utakuta ukijani wa kutu ya shaba. Balbu mbili za wati 55 zinavuta zaidi ya ampea 8. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba ukiwa na urefu wa mita 5 unakula peke yake kama volti 0.7 kwa mkondo huo. Hapo hujahesabu swichi mbili na koneta zote.

Sasa mtie 100/90 mtu huyo. Dimu inaanza kuvuta ampea 13, upotevu unapanda pamoja nayo, nyaya zinapata moto, na kwenye magari mengi ya Kiingereza ya umri huu sakiti ya taa kubwa haina fyuzi kabisa. Walifanya makusudi, hawakutaka fyuzi moja ikuzimie taa zote ukiwa kwenye kona. Ila waya ukichunika ukagusa bodi, kinachoungua ni waya wenyewe, na uko nyuma ya dashibodi.

Dawa ni rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Naeleza post inayofuata, ngoja nipate chai.

#2 Ngosha_Spea

Naweka kiti hapa. Hii 109 ya babu yangu inawaka jicho moja, jingine linaona aibu.

#3 KijanaWaMakambako

Mkuu shusha vitu. Mimi fundi ameniambia wiring yote ibadilishwe, na bei aliyotaja nikamwambia ngoja nikapige simu nje, sijarudi.

#4 MkwecheWaKihesa

@KijanaWaMakambako usibadilishe wiring yote kwa sababu ya taa. Iache ya zamani ilivyo, ipe kazi nyepesi tu.

Lengo ni mkondo mkubwa utoke kwenye betri uende kwenye taa kwa njia fupi, mbele hukohuko, usiingie kabini. Swichi ya zamani inabaki kuwa ya kuamuru tu. Anayefanya kazi nzito ni rilei.

Unahitaji rilei mbili za volti 12, ampea 30 au 40, moja ya dimu, moja ya fulu. Nunua za miguu minne. Za miguu mitano zina mguu wa 87a ambao una umeme rilei ikiwa imelala. Fundi akichanganya hapo taa zitawaka ukizima na kuzima ukiwasha, nimeona gari la mtu likiwa hivyo.

Namba zimeandikwa chini ya rilei. 30 ni umeme kutoka betri. 87 unatoka kwenda taa. 85 na 86 ni koili. Waya wa zamani wa bluu-nyekundu ambao ulikuwa unaingia kwenye taa, sasa unaingia 86 ya rilei ya dimu. Bluu-nyeupe unaingia 86 ya rilei ya fulu. 85 zote mbili zinakwenda ethi. Koili inavuta sehemu ndogo tu ya ampea, kwa hiyo zile swichi za kabini ambazo spea yake inatafutwa kwa tochi zitadumu.

Rangi hizo ni za kiwandani. Gari lililopita mikononi mwa mafundi wa nchi hii kwa miaka 40 linaweza kuwa na waya wa njano wa kengele ya mlango kwenye dimu. Kwa hiyo usiamini rangi, weka testa, washa swichi, ona wewe mwenyewe.

Waya: kutoka betri mpaka rilei tumia 4 mm². Kutoka rilei mpaka kila taa 2.5 mm². Ethi ya kila taa nayo 2.5 mm², isiwe nyembamba kuliko chanya, umeme unaokwenda ndio unaorudi. Umeme wa 30 unaweza kuuchukua kwenye chanya ya betri au pale waya mnene wa betri unapofika kwenye selenoidi ya stata.

Fyuzi: iweke karibu na betri kadiri uwezavyo, maana kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Baada ya rilei mimi nimeweka fyuzi ya ampea 10 kwa kila taa, kushoto na kulia mbali mbali, dimu na fulu mbali mbali. Ni fyuzi nne za ziada, kisanduku chake kinapatikana madukani. Ikikatika moja, zile tatu zinaendelea kufanya kazi. Ile ya karibu na betri ni ampea 30, kazi yake ni kulinda waya mnene tu.

Rilei zifunge miguu ikiangalia chini. Zikiangalia juu zinageuka vikombe vya maji siku utakayovuka mto au kijana wa kuosha gari atakapofungua boneti na mpira wa maji.

Nilipomaliza nikapima tena: betri 13.9, taa 13.5. Balbu zilezile.

#5 FundiUmeme_Gerezani

Heshima mkuu, umeeleza vizuri. Mimi hii ndiyo kazi yangu, niongeze mambo ya sokoni.

Waya. Ukienda dukani unaambiwa "waya wa gari huu, original". Toa kisu, chuna uzi mmoja mwembamba, uukwangue. Shaba ukiikwangua ni nyekundu mpaka ndani. Siku hizi kuna alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Ukiikwangua inatoka nyeupe. Ina ukinzani mkubwa zaidi, inavunjika ikikunjwa kunjwa, na ikibanwa na tamino inalegea baada ya muda. Kuna waya mwingine mzuri kabisa ambao ni mweupe kwa juu na mwekundu kwa ndani, huo ni shaba iliyopakwa bati, chukua bila wasiwasi, baharini ndiyo mzuri zaidi. Watu wanavichanganya hivyo viwili.

Na tafadhali, waya wa nyumba muache nyumbani. Ule wa nondo moja ndani ukitetemeka kwenye barabara ya changarawe unakatika ndani ya plastiki, kwa nje huoni kitu.

Ethi sasa. Mkuu hapo juu amesema atarudi, mimi namtangulia. Land Rover bodi yake ni alumini, chesisi na ule ukuta kati ya injini na kabini ni chuma. Taa imefungwa kwenye madigadi ya alumini, ethi ya kiwandani inategemea boliti za madigadi kufika kwenye chuma. Alumini na chuma vikikutana na unyevu vinakulana, alumini inatoa unga mweupe. Fungua boliti yoyote ya madigadi ya gari la Tanga, Bagamoyo au Mombasa, utaukuta. Ule unga haupitishi umeme.

Dalili yake iko wazi: washa taa ndogo, kisha washa indiketa. Kama taa ndogo inapepesa kwa kufuata indiketa, au indiketa ya pili inawaka kwa mbali, umeme umekosa pa kurudi unapita kwa jirani. Hiyo ni ethi, usimtafute mchawi.

Dawa: waya wa ethi kutoka kila taa, zikutane kwenye boliti moja, ukwangue chuma mpaka king'ae, weka washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Watu wanapaka grisi kwanza halafu wanakaza juu ya rangi. Kutoka boliti hiyo, waya wa 4 mm² mpaka hasi ya betri. Usisahau ule mkanda wa ethi wa injini na chesisi. Ukikatika, ukipiga stata umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia kebo ya choki na kebo ya mafuta. Ukishika kebo ya choki ikiwa ya moto baada ya kupiga stata, umepata jibu.

#6 MkwecheWaKihesa

@FundiUmeme_Gerezani umemaliza mzee wangu. Swali: kulehemu au kubana?

#7 FundiUmeme_Gerezani

Kubana, kwa koleo ya tamino yenye meno yake. Koleo ya kawaida inaponda tu. Kulehemu si dhambi, nimefanya miaka mingi, ila risasi inapanda ndani ya waya, pale inapoishia waya unakuwa mgumu na ndipo unapokatika kwa mtikisiko. Ukilehemu, funga waya usicheze karibu na kiungo. Kusokota na kuzungushia soltepu, hapo hatuongei.

#8 Maskati_Mjini

Assalaam aleykum jamaa zangu. Mie niko huku Maskati, ndugu yangu Unguja ana Series III na ananiomba nimnunulie taa za H4 (za balbu moja yenye nyuzi mbili, dimu na fulu) za inchi 7, huku zinapatikana nzuri na bei si mbaya. Zipo za kioo, rifleka ya chuma, zina alama ya E. Nimpelekee?

#9 MkwecheWaKihesa

Waaleykum salaam ndugu. Ngoja kwanza, usilipe. Oman mnaendesha kulia, Unguja kushoto. Kioo cha dimu kina upande.

Dimu ya H4 haimwagi mwanga sawa pande zote. Ina mstari wa kukata kwa juu, na upande wa pembezoni mwa barabara mstari huo unapanda ili uone mtembea kwa miguu na vibao. Kwa sisi wa kushoto upande ulionyanyuka unatakiwa uwe kushoto. Kioo cha nchi za kulia kinanyanyua kulia, yaani moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele yako. Huwezi kurekebisha kwa skrubu. Ukiishusha taa mpaka isimuumize, na wewe huoni.

Namna ya kujua dukani: simama mbele ya taa uitazame usoni. Karibu na ile E kwenye duara tafuta mshale wa kulala. Ukielekea mkono wako wa kulia, taa hiyo ni ya nchi za kushoto, hiyo ndiyo ya Tanzania, Kenya na Uganda. Hakuna mshale kabisa, ni ya nchi za kulia: Oman, Rwanda, Burundi, Kongo, Ulaya bara. Mshale wenye vichwa viwili, inageuzwa pande zote. Namba ya kwenye E ni nchi iliyoidhinisha tu, 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza, haihusiani na upande. Kuna watu wanaona E11 wanasema "hii ya Uingereza basi ni ya kushoto". Angalia mshale.

#10 Maskati_Mjini

Nimekwenda nikatazama. Hazina mshale hata moja. Mwenye duka anasema "taa ni taa". Nimemwachia taa zake.

#11 Ngosha_Spea

Kumbe ndiyo maana kuna magari ukipishana nayo wameweka dimu na bado unawaapiza.

#12 Mvita_Kobe65

Wakubwa zangu, salamu kutoka Mombasa. Mie nina Beetle ya 1965, volti 6. Nimesoma mwanzo mwisho. Je, haya ya rilei yanifaa, ama mimi dawa yangu ni kubadili gari lote liwe volti 12?

#13 FundiUmeme_Gerezani

@Mvita_Kobe65 yanakufaa wewe kuliko wote humu. Wati zilezile kwa nusu ya volti zinataka mkondo mara mbili. Mkondo mara mbili unakula volti mara mbili kwenye waya uleule, na unazila kutoka kwenye 6 badala ya 12. Kwa asilimia, hasara yako ni mara nne ya mwenzako. Sisi nusu volti ikipotea tunanung'unika, wewe ikipotea umeshapoteza karibu asilimia 8.

Rilei ziwe za koili ya volti 6, ya 12 haitashtuka. Waya wako panda ngazi moja, 4 mm² mpaka kwenye taa. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma na taa ziko mbele, kwa hiyo waya mrefu huo usiubanie: 10 mm². Fyuzi pia zote zipande kulingana na mkondo. Kubadili kuwa volti 12 ni sawa kama una sababu nyingine, ila utagusa dainamo, katauti (kidhibiti cha kuchaji), koili, mota ya waipa na balbu zote. Kwa ajili ya taa peke yake sikushauri. Volkswagen wenyewe walihamia 12 mwishoni mwa miaka ya 1960, na za kabla ya hapo zilikuwa zinaona njia.

#14 Mvita_Kobe65

Shukran sana. Nilikuwa nishaanza kuulizia dainamo ya 12.

#15 DSM_LedKing

Mnajisumbua wakuu. Chukua balbu za LED za H4, chomeka kwenye taa zilezile, dakika tano, kweupe kama mchana. Hazili umeme, kwa hiyo hata waya mbovu hauna shida. Mambo ya rilei ni ya kizamani.

#16 MkwecheWaKihesa

@DSM_LedKing hapo kwenye umeme una hoja. Zinavuta kidogo na hazijali volti 11. Nisingebisha.

Ninapobisha ni kwenye kioo na rifleka. Zimechongwa kwa ajili ya uzi wa balbu uliokaa mahali pamoja tu, kwa usahihi wa sehemu za milimita. H4 ina nyuzi mbili, na ule wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya rifleka. Ndicho kinachochora ule mstari wa kukata. Balbu ya LED ina vipande bapa pande mbili, na mara nyingi havikai pale uzi ulipokuwa. Mwanga ni mwingi kweli, ila umemwagika. Karibu na bampa kunang'aa, jicho lako linajikunja kwa huo mng'ao, na mbali ambako tembo yupo huoni. Anayekuja mbele ndiye anayekula mwanga uliobaki.

Weka gari mbele ya ukuta usiku, dimu, mita kadhaa. Kama huoni mstari uliokatika vizuri, hiyo si dimu.

#17 DSM_LedKing

Ukuta nitajaribu. Lakini zile taa za LED nzima nzima za inchi 7, zenye lenzi yake ndani, nazo mnazikataa?

#18 MkwecheWaKihesa

Hizo sizikatai, ni jambo jingine kabisa. Zimeundwa pamoja na kioo chake. Tafuta yenye E na mshale wa upande wetu, na uipime kina kabla hujalipa, nyingine zina mgongo mrefu wa kupooza joto unaogonga bakuli la taa. Mwenye dainamo atazipenda. Dainamo ya Lucas C40 mwisho wake ni ampea 22, na kwenye silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) haichaji kitu. Alteneta ya 16ACR ya Series III inatoa 34, inazibeba H4 za 60/55 pamoja na waipa bila kulalamika. Tena silibimu za zamani zilikuwa 75/50 au 60/45, kwa hiyo ukitoka kwenye 75 ukaweka H4 fulu yako inavuta umeme kidogo kuliko awali. Ukiweka 100/90 ndipo unapoanza kuchoma soketi na kubabua rifleka.

Silibimu kwa wasiozijua: kioo, rifleka na uzi ni kipande kimoja, jiwe moja la changarawe likipasua kioo unatupa yote. H4 unabadilisha balbu tu. Usishike kioo cha balbu kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaiua. Na ule mpira wa nyuma usiutupe, vumbi likiingia kwenye rifleka huwezi kuifuta bila kuikwangua.

#19 BintiTanga

Shikamooni wakubwa. Mimi natumia Land Rover ya marehemu baba, Series IIA ya 1964, aliiacha ikitembea na bado inatembea. Nimenunua hizo LED nzima nzima za inchi 7, nimefuata mchoro wote wa rilei. Rilei inalia "tak", taa giza. Nimezirudisha dukani wakazijaribu kwenye betri, zinawaka. Nimezirudisha kwenye gari, giza. Fundi wa hapa anasema gari lina jini.

#20 FundiUmeme_Gerezani

Marahaba mwanangu. Kabla ya jini, fungua boneti utuambie: waya wa betri uliofungwa kwenye chesisi umetoka kwenye nguzo ya chanya au ya hasi?

#21 BintiTanga

Chanya ndiyo iko kwenye chesisi. Nilidhani fundi fulani alikosea siku za nyuma, nikaogopa kugusa.

#22 FundiUmeme_Gerezani

Uliogopa vizuri. Hakuna aliyekosea. Land Rover mpaka karibu 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo ethi. Baba aliitunza ilivyo.

Rilei ya kawaida ni koili tu, haina habari na upande, ndiyo maana inalia. LED ina vifaa vya elektroniki ndani, umeipa umeme kinyume. Shukuru taa zina kinga, nyingine zingekufa hapohapo.

Una njia mbili. Ya kwanza, rudisha hizo LED, weka H4 ya balbu ya uzi. Uzi hauna chanya wala hasi, utawaka leo hii na rilei zako zilizopo, nyaya zako hujapoteza. Ila ukipima kwa mita, ncha zigeuze kichwani.

Ya pili, geuza gari liwe hasi ethi. Si kazi kubwa ila ina utaratibu: unageuza betri, na angalia nguzo hazilingani unene kwa hiyo vichwa vya waya vitabadilishwa, unabadilishana nyaya mbili za ampea mita, unabadilishana nyaya ndogo za koili ya plagi, na dainamo inabidi ifundishwe upande mpya. Unachomoa waya wa F kwenye dainamo, unachukua waya kutoka nguzo ya betri isiyo ya ethi, unaugusisha kwenye tamino ya F mara chache kwa kudonoa, utaona cheche ndogo, kisha unarudisha waya. Ukiruka hatua hiyo dainamo itachaji kinyume na katauti itaungua. Kama kuna redio ya zamani, iondoe kwanza.

Mimi ningekuwa wewe ningeweka H4.

#23 BintiTanga

H4 basi. Gari la baba sitaki kuligeuza. Asante sana baba yangu. Fundi wa jini nimemwonyesha uzi huu, amesema "hiyo ni ya zamani sana".

#24 KijanaWaMakambako

Nimefunga rilei, nimefunga ethi, wakuu mwanga upo! Lakini sasa kila ninayepishana naye ananipigia fulu. Nimepata mwanga nimepata na maadui.

#25 MkwecheWaKihesa

@KijanaWaMakambako zamani ulikuwa unawaumiza vilevile, ila kwa mwanga mdogo. Zielekeze.

Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa, simamisha gari taa zikiwa mita 10 kutoka ukutani. Upepo wa matairi uwe sahihi. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, uchore mstari huo ukutani kwa chaki, na alama mbili mbele ya kila taa. Funika taa moja kwa gunia, washa dimu. Sehemu iliyolala ya mstari wa kukata inatakiwa iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya mstari wa chaki, na pale mstari unapoanza kupanda kuelekea kushoto pawe mbele ya katikati ya taa. Kuna skrubu mbili kwenye ukingo wa bakuli la taa, moja inapandisha na kushusha, nyingine inapeleka kushoto na kulia. Kwenye gari la zamani zimeshikwa na kutu, zipe mafuta usiku uliotangulia, ukilazimisha plastiki yake inapasuka. Ukimaliza hamia taa ya pili. Fulu usihangaike nayo, kwenye H4 inafuata dimu.

Na gari lielekezwe likiwa na mzigo wake wa kawaida. 109 ikipakia magunia nyuma springi zinakaa, pua inanyanyuka, na kazi yote ya ukutani inakwenda juu ya miti.

#26 KijanaWaMakambako

Napakia mahindi Jumatatu. Nitaelekeza nikishapakia.